Kitabu cha dizaina kisiwe cha mazishi pekee

Hebu chukua pakiti ya majani chai ya Fahari ya Kenya hapo jikoni uisome pande zote. Utaona jina la Ketepa, kampuni ya hapa kwetu Kericho. Utaona uzito na tarehe. Jina la aliyeichora je? Halipo. Na si Ketepa tu. Unga, sabuni, kalenda ya ukutani, bango la mwanasiasa, zote ni hivyo hivyo.

Sasa tuseme unataka kutengeneza kitabu cha kumuenzi dizaina kama huyo. Utaweka nini ndani? Picha safi za kazi zilizokamilika hazitoshi. Hiyo ni albamu. Msomaji anataka rasimu ya kwanza, ile iliyokataliwa na mteja, mwaka, na sababu ya rangi kubadilishwa. Milton Glaser wa Marekani alichora wazo la nembo ya "I ♥ NY" kwa krayoni nyekundu kwenye bahasha chakavu, akiwa ndani ya teksi, 1976. Bahasha hiyo leo iko jumba la makumbusho la MoMA, New York. Sisi je? Pesa ikishaingia M-Pesa, tunatuma faili, kisha tunafuta ili simu ipate nafasi.

Kuna na sheria. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inasema kazi uliyoajiriwa au kuagizwa kuifanya, haki zake zinahamia kwa mwajiri au mteja, isipokuwa mmekubaliana vingine. Lakini inakuachia jambo moja hata baada ya kuuza: haki ya kutambuliwa kuwa wewe ndiye uliyeibuni. Wangapi wetu huidai?

Kwa hivyo kitabu chako kinaanza leo, si ukishazeeka. Fungua folda moja. Hifadhi rasimu zote, andika mwaka na jina la mteja. Kwenye makubaliano, hata kama ni ya WhatsApp, ongeza mstari mmoja unaokuruhusu kuonyesha kazi hiyo kitabuni.

Usipofanya hivyo, kitabu pekee kitakachobeba jina lako ni zile kurasa nane za programu ya mazishi. Na hata hiyo itachorwa na dizaina ambaye jina lake halimo.