Fonti ya Akiba Ichaguliwe kwa Neno Zima

Kazi yangu ni kupiga video za harusi, matanga na mahafali huku Isecheno, kwenye ukingo wa Msitu wa Kakamega, na kwa muda mrefu nina ugomvi na watu ambao sijawahi kukutana nao: wanaotengeneza programu za kuonyesha maandishi ya chini ya picha. Ugomvi wenyewe unahusu jambo ambalo mtazamaji huliona bila kulijua jina, yaani herufi inayokosekana na kile kinachowekwa mahali pake.

Niseme kwanza kwa nini mpiga video wa kijijini anahitaji maandishi ya chini. Matanga ya huku huendeshwa kwa Kiisukha, na ukisogea kidogo unaingia kwa Waidakho. Wazee hawabadilishi lugha kwa sababu kamera imewashwa, na wala sitaki wabadilishe. Lakini video hiyo haitazamwi Shinyalu peke yake. Inatumwa Nairobi, Eldoret na hata Doha, kwa wajukuu ambao wengi wao wanajua salamu na majina ya vyakula, basi. Mjukuu anataka kujua babu alisema nini kuhusu shamba. Hapo ndipo Kiswahili kinapoandikwa chini ya picha, na hapo ndipo ninapopata ugali wangu.

Isukuti nayo ni hivyo hivyo. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka ngoma hii ya Waisukha na Waidakho katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Watu wengi wakisikia habari hiyo huwaza ngoma zenyewe, kubwa, ya kati na ndogo, pamoja na pembe ya swala na njuga za chuma. Lakini isukuti ina maneno. Aliyerekodi mlio akaacha maneno bila kuyaandika amerekodi nusu ya urithi, na aliyeyaandika kwa herufi zilizoharibika hajafanya bora zaidi.

Sasa kisa. Kijana wa Shinyalu alioa binti wa Nyeri. Familia ya bi harusi ikaomba hotuba za wazee wa huku ziandikwe chini kwa Gĩkũyũ, ili nyanya yake azisome mwenyewe. Maarusi nao walikuwa na fonti yao waliyoipenda, ileile ya kadi za mwaliko, yenye mapindo kama ya kalamu ya wino. Mteja ni mteja. Nikaiweka, na papo hapo jina la bi harusi likatoka limevunjika. Herufi zote zilikuwa na mapindo yake isipokuwa ũ, ambayo ilisimama katikati nene na nyoofu kama iliyong'olewa kwenye bango la barabarani. Kwenye runinga ya mjomba, iliyosoma faili moja kwa moja kutoka kwa flashi, hata hiyo ũ nene haikuwepo. Palikuwa na kisanduku kitupu. Mafundi wa herufi huviita visanduku hivyo tofu.

Hapa inabidi nieleze kinachotokea ndani. Programu nyingi za kuchezea video hazichori maandishi ya mapambo zenyewe. Huikabidhi kazi hiyo maktaba ya programu, yaani mkusanyo wa msimbo ulioandikwa ili programu nyingine ziutumie. Inayotumika sana inaitwa libass. Ilianzia ndani ya MPlayer, na leo mpv, VLC, Kodi na FFmpeg zinaitumia. Ni ya bure, na msimbo wake uko wazi kwa anayetaka kuusoma.

Faili la maandishi huiambia libass: mstari huu uandikwe kwa fonti fulani. Maktaba huitafuta fonti hiyo kwa jina, miongoni mwa zilizobebwa ndani ya faili la video na zile zilizomo kwenye kompyuta. Kwenye Linux huuliza mfumo wa Fontconfig, na tangu toleo la 0.13 la mwaka 2015 inaweza kuuliza DirectWrite kwenye Windows na CoreText kwenye Mac. Fonti isipopatikana kabisa, inachukuliwa ya kawaida. Na fonti ikipatikana lakini herufi fulani haimo, linaulizwa swali jingine: ni fonti gani iliyo nayo? Inayopatikana hupewa kazi, kwa herufi hiyo.

Kwa herufi hiyo tu. Hapo ndipo penye ugomvi wangu.

Ukitazama jambo hili kama mhandisi, kila kitu kimekwenda sawa. Ũ ndogo ina namba 0169 katika Unicode, fonti ya kadi haina 0169, fonti nyingine inayo, imechukuliwa, kisanduku kimeepukwa. Lakini hakuna mtu anayesoma herufi moja moja. Tunasoma neno, na neno lililoshonwa kwa fonti mbili linasimamisha jicho kila linapopita. Kwa Kiingereza tatizo hili halionekani karibu kamwe, kwa kuwa hata fonti mbovu kuliko zote ina herufi zote za Kiingereza. Kwa Kikuyu na Kikamba, ambako ĩ na ũ zimejaa katika kila sentensi, mstari mzima unatoka na viraka. Programu imeshinda mtihani wake, msomaji ameanguka.

Kwa haki niseme kwamba libass hainyamazi kabisa. Huandika onyo kwamba herufi 0x169 haikupatikana na kwamba inachagua fonti nyingine. Ila onyo hilo hutokea kwenye dirisha la amri, lile jeusi, ambako sijawahi kuona mama wa bi harusi akichungulia.

Kuna watakaosema hayo ni ya makabila yenye vialama, Kiswahili hakina shida. Waandike ng'ombe. Huku kwetu mapigano ya mafahali ni jambo kubwa, Khayega watu hujaa hadi juu ya miti, na video zake zinahitaji neno hilo kila dakika. Programu za kuandikia zina tabia ya kukigeuza kile kialama cha juu kilichonyooka kuwa kilichopinda, ambacho ni herufi nyingine kabisa yenye namba 2019, na si kila fonti ya bure ya mapambo inayo. (Ukiona ngâ€™ombe kwenye kioo, usiilaumu fonti. Faili lilihifadhiwa kwa usimbaji mmoja likasomwa kwa mwingine, na dawa yake ni kulisoma kama UTF-8.) Jina la Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki Mei 2025, lina mitego yote mitatu: ũ, ĩ na kialama. Mtu aliyeandika Caitaani Mũtharaba-inĩ mwaka 1980 anastahili jina lake litoke zima chini ya picha yake.

Hata pale ambapo fonti nzima inabadilishwa, bado kuna mambo. Niliyepanga maandishi nimepima mstari utoshe, niseme kwa Arial. Kompyuta ya Linux isiyo na Arial ikichukua Liberation Sans, hakuna atakayegundua, maana Red Hat ilipoitoa Liberation mwaka 2007 ilihakikisha upana wa kila herufi unalingana na wa Arial. Ikichukua DejaVu Sans, ambayo ni pana zaidi, mstari mmoja unakuwa miwili na miwili inakuwa mitatu, na mikono ya mpiga isukuti inafunikwa na maneno. Kwa hiyo fonti ya akiba haitoshi kuwa na herufi. Inapaswa kukaribiana na ile iliyokosekana kwa upana na unene, na vipimo hivyo vimeandikwa ndani ya mafaili ya fonti yenyewe, vinasomeka bila kubahatisha.

Pwani tatizo ni baya zaidi. Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, kama kilivyo katika miswada ya tenzi za Lamu na Mombasa, huhitaji herufi ambazo Kiarabu chenyewe hakina, kama پ, چ na ڤ. Herufi hizi hushikana mikono na jirani zake. Fonti ya Kiarabu isiyokuwa na چ ikikopeshewa چ ya fonti nyingine, unene hutofautiana, mstari wa chini haulingani, na pale herufi zinapopaswa kuungana panabaki ngazi au pengo. Mtu anayetaka kuonyesha utenzi katika video, beti zikipita chini huku zikisomwa, hawezi kufanya kazi kwa namna hii.

Ninachotaka si kigumu kukieleza. Fonti iliyoombwa ikikosa herufi hata moja ya neno, neno zima liandikwe kwa fonti ya akiba, na ikiwezekana mstari mzima. Alama ya ũ iliyoandikwa kwa vipande viwili, u kisha tilde inayoelea yenye namba 0303, isitenganishwe kamwe, kwa maana vibodi vingine huiandika hivyo na tilde ikipewa fonti yake huweza kuangukia pembeni. Na onyo la fonti iliyokosekana limfikie aliye mbele ya kioo, kwa mstari mmoja unaosomeka na mtu wa kawaida.

Najua wanavyojibu. Kazi hii hufanywa na watu wachache kwa kujitolea, nami nawavulia kofia. Pia libass imejifunga kuiga mwenendo wa VSFilter, programu ya zamani ya Windows, kwa sababu mashabiki wa katuni za Kijapani wamepanga maelfu ya mistari wakitegemea kila tabia yake, hata zile za ajabu. Ukibadilisha namna ya kuchagua fonti, kazi zao za zamani zinaweza kuhama mahali. Hoja hiyo naikubali nusu. Kazi za zamani zibaki na kanuni za zamani, na mpangaji wa sasa apewe kitufe cha kuchagua. Mashabiki wa katuni wamesikilizwa kwa sababu walijitokeza na mafaili yao mkononi. Sisi hatujajitokeza.

Hata suala la lugha limebaki nusu. Faili la maandishi linaweza kuitajia libass lugha yake, jambo zuri sana, lakini maelezo ya maktaba yenyewe yanataka msimbo wa herufi mbili. Kiswahili kina sw, Kikuyu kina ki. Kiisukha, Kiidakho na Kitiriki vimewekwa pamoja chini ya msimbo mmoja wa herufi tatu, ida, na Kikamba nacho kina tatu. Yaani mlango umejengwa, na lugha nyingi za Kenya zimebaki nje yake. Wataalamu wa isimu wanaoandika Kimaa kwa ɛ, ɔ, ɨ na ʉ, au wanaotia alama za toni kwenye Kiluhya, wako nje zaidi.

Wapo watakaoniuliza kwa nini sichomi tu maandishi ndani ya picha, mambo yakaisha. Nachoma, kwa sababu wateja wangu wanataka MP4 ya kutumiana kwa WhatsApp. Lakini FFmpeg inapochoma huitumia libass ileile. Ikichagua fonti vibaya, kosa linageuka kuwa sehemu ya picha na hakuna wa kulitoa. Na kumbukumbu inayotarajiwa kukaa miaka haifai kuchomwa, inafaa kubaki na maandishi yake pembeni ili mwingine aje kuyasahihisha au kuyatafsiri.

Jambo hili si la mapambo ya harusi peke yake. Kifungu cha 39 cha Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003 kilivitaka vituo vya televisheni viweke mkalimani wa lugha ya ishara au maandishi ya chini katika taarifa za habari na vipindi vya elimu. Mimi ninayesikia nikikuta kisanduku katikati ya jina, nalipata jina kwa masikio. Kiziwi hana pa kulipata. Kwake kisanduku ni mtu ambaye hakutajwa.

Kwa wenzangu wa kamera, kuanzia Khayega hadi Kisumu: mnapohifadhi video kwa muundo wa Matroska, ambatisheni fonti humo humo, muundo huo unaruhusu. Tumieni Andika ya SIL, iliyotengenezwa kwa ajili ya wanaojifunza kusoma, au Noto ya Google. Zote ni za bure, leseni yake inaruhusu kuzisambaza, na zina ĩ na ũ. Mteja aking'ang'ania fonti ya kadi, mwandikieni jina lake mbele yake kwanza, aone.

Na kwa vijana wa Kenya wanaoandika programu: msimbo wa libass uko wazi, na mapendekezo yanapokelewa. Tengenezeni mafaili ya majaribio ya Kikuyu, Kikamba, Kimaa na Kiswahili cha herufi za Kiarabu, muwapelekee, pamoja na msimbo wa kuchagua fonti kwa neno zima. Atakayehitaji mistari ya Kiisukha yenye tafsiri ya Kiswahili aje Isecheno, ninayo tele na nitampa bure.