Bandika sufuria kwanza, lipa gunia baadaye

Mfanyabiashara wa mjini akifika kijijini kununua maharage hufanya mambo manne. Huingiza mkono ndani ya gunia, huangalia rangi, huuma punje moja kupima ukavu, kisha huanza kubishana bei. Jambo la tano, ambalo lingemfaa kuliko hayo yote, halifanyi: hapiki. Hoja yangu ni kwamba apike, tena kwa kuni, kwenye mafiga ya huko huko kijijini, kabla hajatoa fedha mfukoni.

Najua wengi watacheka. Mtu aliyezoea kuzungusha kitufe cha jiko la gesi Kariakoo, Eastleigh au Kampala ataanzia wapi na kuni? Atasukuma kuni nyingi kwa pamoja, hewa itakosa pa kupita, moshi utamtoa machozi na sufuria itakuwa nyeusi kwa masizi kabla maji hayajachemka. Ni kweli. Lakini taabu hiyo ina somo ambalo gesi haitoi. Kwenye gesi huoni nishati inavyoondoka, unakuja kugundua siku mtungi umekwisha. Kwenye kuni, kila saa maharage yanayokataa kuiva unaiona kwa macho, kwa jinsi lundo la kuni linavyopungua kando yako.

Lundo hilo ndilo bei iliyofichika ya bidhaa yetu. Mnunuzi wa mwisho, awe mama lishe wa Dar es Salaam au mwenye kibanda cha githeri Nairobi, hanunui maharage peke yake. Ananunua maharage na moto wa kuyaivisha. Gunia la bei nafuu linalohitaji saa nne jikoni linaweza kuwa ghali kwake kuliko gunia la bei ya juu linaloiva kwa saa moja na nusu. Yeye analijua hilo vizuri. Ndiyo maana swali lake la kwanza sokoni huwa "yanaiva?", na ndiyo maana akidanganywa mara moja harudi tena kwenye meza yako.

Kwa macho, maharage yanayoiva na yasiyoiva yanaweza kufanana kabisa. Tofauti inatokana na mambo mawili makubwa. La kwanza ni aina ya mbegu. Maharage ya njano yanapendwa Tanzania na Burundi kwa sababu, pamoja na ladha yake, huiva haraka. Watafiti wa mbegu nao wamekuwa wakitoa aina mpya zenye madini mengi zaidi ya chuma na zinki, kama Nyota nchini Kenya na NAROBEAN nchini Uganda. La pili ni ghala. Maharage yakikaa miezi mingi mahali penye joto na unyevu, punje hubadilika ndani na kuwa ngumu kuiva, hata ukiyaloweka usiku kucha. Dalali anayechanganya ya msimu uliopita na ya msimu huu anakuuzia magonjwa mawili katika gunia moja: nusu ya sufuria itapondeka wakati nusu nyingine bado inagonga meno.

Kasoro hii haikamatwi mpakani. Ofisa wa forodha anataka kujua thamani na asili ya mzigo. Mkaguzi wa mimea anatafuta wadudu na magonjwa. Wa viwango anaangalia unyevu, takataka na punje zilizovunjika. Wote wanafanya kazi yao, lakini hakuna anayebandika sufuria Busia, Mutukula wala Namanga. Mzigo unaweza kupita vituo vyote na mihuri yote, ukakataliwa na mpishi wa kwanza aliyeununua.

Hasara hiyo inamuumiza zaidi mfanyabiashara mdogo. Wanaovuka na mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, wakitumia cheti rahisi cha asili ya bidhaa cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, wengi wana magunia machache tu. Mwenye lori la tani 30 akipata magunia matano mabaya atayameza katika hesabu zake. Mwenye magunia manane akipata mawili mabaya, faida ya safari imekwisha.

Kuna sababu nyingine ya kulifikiria jambo hili sasa. Nishati ya kupikia inabadilika kote katika ukanda wetu. Tanzania ilizitaka taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa kufikia mwisho wa Januari 2024, na mwezi Mei mwaka huo huo ikazindua mkakati wa miaka 10 unaolenga asilimia 80 ya wananchi watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Uganda ilipiga marufuku biashara ya mkaa kutoka mikoa ya kaskazini mwaka 2023. Kenya nayo, katika mwaka huo, iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye gesi ya kupikia. Shule iliyokuwa ikichemsha makande kwa magogo ya bure kutoka shambani kwake sasa inalipia kila saa ya moto. Mhasibu wa shule hiyo atakuwa mteja mzuri wa yule atakayemhakikishia kwamba maharage yake yanaiva mapema. Hilo ni soko, na liko wazi.

Wapo watakaosema hawana muda, lori linasubiri. Lakini sote tunajua jinsi biashara hii inavyokwenda. Kukusanya mzigo kutoka kwa wakulima kumi au ishirini huchukua siku mbili au tatu, na usiku tunalala huko huko. Chukua kikombe kimoja kutoka kila chanzo, kiweke alama, ukiloweke jioni. Asubuhi pika kila sampuli kwa maji ya kiasi kilekile na moto wa aina ileile, ukihesabu muda tangu maji yalipochemka. Usitie magadi. Magadi hulainisha maharage na yatakuficha ukweli unaoutafuta. Kumbuka pia kwamba kwenye nyanda za juu maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100, hivyo maharage huchelewa zaidi kuiva Mbeya kuliko Dar es Salaam. Kwa hiyo usishike sana idadi ya dakika. Linganisha sampuli na sampuli. Ile inayobaki ngumu wakati wenzake wameiva, iache au ishushe bei.

Moto wenyewe mwachie anayeujua. Mwenye jiko lake, mama au bibi wa nyumba uliyofikia, anajua kuni zipi zina mwali na zipi zina moshi, lini avute kinga nje ili moto upungue, na lini afunike. Mara nyingi pia anajua shamba la nani hutoa maharage yanayoiva, kwa sababu ameyapika miaka yote. Ni mtaalamu wa ubora ambaye hatujawahi kumwuliza.

Hapa nina neno gumu kidogo kwetu sote. Mtaalamu huyo tusimfanyishe kazi bure kwa kisingizio kwamba mgeni halipi chakula. Mgeni wa siku moja, sawa, mila zetu zinamkirimu. Lakini mnunuzi anayerudi kila msimu na kukalia jiko la mtu kwa siku tatu si mgeni tena, yuko kazini. Kuni anazotumia zimebebwa kichwani kwa kilomita kadhaa, na moshi wake unavutwa na mama huyo na watoto wake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hewa chafu ya majumbani, hasa ya majiko ya namna hiyo, ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Mlipe kuni na mlipe muda wake, kama unavyomlipa mpakiaji. Na ukiwa unatoka mjini na gari tupu, mpelekee jiko la udongo lililobanwa vizuri, linalokula kuni chache. Likimfaa, majirani watataka kununua, na safari ya kwenda nayo itakuwa na mzigo.

Kwa upande wa serikali zetu, naomba jambo moja. Jumuiya ina viwango vya pamoja vya maharage makavu. Muda wa kuiva upewe nafasi humo, na gunia liandikwe aina ya mbegu na msimu wa mavuno, ili mkulima anayepanda mbegu inayoiva haraka alipwe zaidi kuliko anayeuza mabaki ya ghala. Leo wote wawili wanapata bei moja, na mwenye mbegu nzuri ndiye anayekata tamaa kwanza.

Lakini tusikae kusubiri vikao vya Arusha. Vyama vya wafanyabiashara wa mipakani vinaweza kuanza wenyewe msimu huu kwa kukubaliana kwamba hakuna mwanachama anayepakia maharage ambayo hayajaonjwa yakiwa yameiva. Jifya moja haliinjiki chungu. Mnunuzi mmoja akidai kipimo hicho, dalali atampuuza na kumfuata mwingine. Tukidai kumi kwa pamoja katika gulio moja, atalazimika kutenga ya zamani na mapya kabla hatujafika.