Kabla Sista Hajafunga Virago

Wakenya wenzangu, nawaandikia hasa ninyi mnaotibiwa katika hospitali za kaunti kwa kuwa hamna pengine pa kwenda, kama mimi.

Nilipokuwa nikimuuguza mama, nilikesha kando ya kitanda chake nikimtazama muuguzi mmoja akihudumia wadi nzima peke yake. Huku dripu imekwisha, kule mgonjwa anaita, na mlangoni jamaa wanamfokea kwa nini wameandikiwa dawa wakanunue nje. Mimi pia nilimfokea. Glavu zilikuwa zimekwisha nikatumwa duka la dawa usiku wa manane. Alfajiri, alipokuwa akikabidhi zamu, nilimwomba radhi. Akaniambia, bila hasira, kwamba ameshapeleka maombi ya kazi Uingereza. Si mshahara tu, alisema. Amechoka kulaumiwa kwa vitu ambavyo hakupewa.

Neno hilo halijanitoka. Tumezoea kusema madaktari na wauguzi wanakimbilia pesa. Tazameni basi walichogombea. Mgomo wa madaktari wa siku 100, ulioanza Desemba 2016, ulihusu mkataba uliotiwa saini mwaka 2013 kisha ukaachwa kabatini. Viongozi wa chama chao walifungwa jela kwa kukataa kuusitisha mgomo huo. Mwaka 2017 wauguzi nao wakakaa nje karibu miezi mitano. Mwaka 2024 madaktari wakagoma tena, siku 56, na kiini kilikuwa wanagenzi: makubaliano ya 2017 yaliwapa takriban shilingi 206,000 kwa mwezi, serikali ikataka kuwalipa 70,000. Madaktari walikuwa wakidai ahadi ya zamani itimizwe. Mtu anaweza kuvumilia umaskini wa hospitali. Mwajiri asiyeheshimu saini yake mwenyewe huvumilika kwa shida zaidi. Nasi, katika uchungu wa migomo hiyo, tulimlaumu aliyevaa koti jeupe, maana ndiye tuliyemwona.

Aliyeamua hatukumwona. Tangu 2013 huduma nyingi za afya ziko mikononi mwa kaunti. Kaunti ndiyo inayoajiri muuguzi, na ndiyo inayoweza kumcheleweshea mshahara au kumweka kwa kandarasi fupi fupi, huku wenzake waliohitimu wakikaa nyumbani bila kazi na wadi zikiwa hazina watu.

Hayo hupita katika bajeti, na bajeti ina tarehe zake. Kwa mujibu wa sheria, makadirio ya kaunti huwasilishwa katika bunge la kaunti kufikia Aprili 30, na wananchi wana haki ya kusikizwa kabla ya kupitishwa kwa ajili ya mwaka wa fedha unaoanza Julai 1. Nimehudhuria kikao kimoja cha namna hiyo. Viti vya plastiki vilikuwa vingi kuliko watu, na waliosimama walitaka barabara. Barabara tunazihitaji, sikatai. Lakini muuguzi hakutajwa hata mara moja, wala mimi sikumtaja.

Mwaka huu twendeni, tena twende wengi. Tuulize wauguzi wangapi wamestaafu au wameondoka, na wangapi wameajiriwa mahali pao. Tuulize mishahara ya mwezi uliopita ililipwa tarehe ngapi. Maafisa wa kaunti wakitukwepa, Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inampa kila raia haki ya kuandika ombi na kujibiwa ndani ya siku 21, na kuliandika hakuhitaji wakili. Mwakilishi wadi anayekuja matangani na kwenye harambee zetu ajue kwamba hata huko tutamuuliza hayo hayo.

Na mkiwa hospitalini, mkaona mtu anampandishia sista sauti au kumnyanyulia mkono, inukeni. Mtoeni nje kwa upole, mmweleze ni nani hasa mwenye kujibu.

Mtaani kwetu tumeshaandikishana watu 14, wakiwemo kina mama wawili waliojifungua mwaka huu na mzee mmoja anayesafishwa figo mara mbili kwa wiki. Tunakutana Jumamosi saa kumi alasiri, chini ya mwembe, kuandika maswali yetu. Andikishaneni na ninyi huko kwenu, Aprili haiko mbali.