HOMA YA SAFARI SI UVIVU



Mfanya kazi akirudi Kisii au Nyamira kutoka mashamba ya miwa ya Muhoroni, au kutoka ufukweni Homa Bay, akashikwa na homa baada ya wiki kadhaa, nyapara humwambia nini? "Umepimwa, huna malaria, rudi kazini." Twasema wazi kwamba hii si haki.

Kile kipimo cha haraka cha tone moja la damu, katika zahanati nyingi, hutafuta aina moja tu ya malaria, yaani falsiparumu. Kweli hiyo ndiyo iliyo nyingi na ndiyo inayoua upesi, hatubishi. Lakini Nyanza kuna pia ovale na malarie, na vijidudu vyake huwa vichache katika damu. Mara nyingi homa ya ovale huja leo, ikapumzika kesho. Mtu leo anatetemeka chini ya blanketi, kesho yuko shambani anachuma chai. Nyapara akimwona hiyo kesho, amekwisha mhukumu!

Twataka damu itazamwe kwa hadubini, na vijidudu visipoonekana itazamwe tena kesho na kesho kutwa. Twataka mganga aulize swali lisilo na bei: "Miezi hii ulikuwa wapi?" Maana ovale hujificha katika ini. Dawa ya AL ya siku 3 husafisha damu, ini ikaliacha, na baada ya miezi homa inarudi. Dawa ya kuifuata huko ni primakwini, nayo haimezwi ovyo: kwanza mtu apimwe upungufu wa G6PD, maana mwenye upungufu huo damu yake huvunjika. Mja mzito hapewi kabisa.

Wasituambie kwamba milimani hakuna malaria. Mwaka 2002 ililipuka Kisii na Gucha, na miili yetu haikuizoea kama ya ndugu zetu wa ziwani.

Sheria ya Ajira ya 2007 humpa aliyetumika miezi 2 mfululizo siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili, na 7 nyingine kwa nusu mshahara, kila mwaka, mradi alete cheti cha daktari. Cheti hutokana na kipimo. Kipimo kikikosea, mshahara umeliwa, na hapo ndipo ugomvi wetu ulipo.

Tutakapokaa tena na waajiri, hadubini na mtu anayejua kuitumia vitakuwa mezani pamoja na mishahara. Kila aliyerudishwa kazini akiwa na homa ampelekee mwakilishi wake karatasi ya kipimo kabla ya siku hiyo.