Betri ya moyo ikishawekwa, kazi ndiyo inaanza

Zamani wagonjwa wengi wa moyo nchini walilazimika kupelekwa nje, hasa India, kwa matibabu ambayo hayakupatikana nyumbani. Tangu Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete (JKCI) ianzishwe jijini Dar es Salaam mwaka 2015, hali imebadilika. Betri ya moyo, yaani kile kifaa kidogo kinachousaidia moyo unaodunda polepole kupita kiasi, sasa inawekwa hapahapa nchini.

Hayo ni mafanikio makubwa. Hata hivyo, kila taarifa inapotolewa tunaelezwa wagonjwa wangapi wamewekewa betri. Ni nadra kuelezwa wangapi wamerudi kliniki baada ya mwaka mmoja, au nani atalipia betri ya pili ya kwanza itakapoisha. Kwa mgonjwa na familia yake, hilo ndilo swali kubwa.

Inafanyaje kazi?

Moyo una umeme wake wa asili unaouamuru udunde. Umeme huo ukikatika njiani, mapigo hushuka na mtu hupata kizunguzungu, kuchoka na hata kuzimia. Betri huwekwa chini ya ngozi karibu na mtulinga, mara nyingi upande wa kushoto, na waya mwembamba hupitishwa ndani ya mshipa hadi moyoni. Moyo ukichelewa, betri huuamsha. Ukidunda vizuri wenyewe, betri hutulia.

Hii ina maana kwamba betri haitibu shinikizo la damu, kisukari wala mishipa iliyoziba. Wapo wanaoacha dawa za presha kwa kuamini kuwa “mashine itafanya kazi yote”. Hilo ni kosa la hatari. Wapo pia wanaodhani mwenye betri hawezi kufa. Siyo kweli. Moyo uliosimama kwa ugonjwa mwingine hauwezi kufufuliwa na betri hiyo.

Wiki sita za mwanzo

Waya unahitaji muda wa kushika vizuri ndani ya moyo. Kwa wiki nne hadi sita usiinue kiwiko cha upande wenye betri kupita usawa wa bega, na usibebe mzigo mzito kwa mkono huo. Kwa maisha yetu, hiyo ina maana hakuna kulima kwa jembe, kutwanga, kuvuta ndoo kisimani wala kunyanyua mtoto. Familia igawane kazi hizo kabla mgonjwa hajatoka hospitali. Lakini usiufunge mkono moja kwa moja, kwani bega likikaa bila kusogezwa hukakamaa. Ucheze taratibu chini ya usawa wa bega.

Kidonda kibaki kikavu kama ulivyoelekezwa. Kisikandwe kwa maji ya moto, kisipakwe dawa za kienyeji, wala kisichanjwe. Wekundu, uvimbe unaoongezeka, usaha au homa ni sababu ya kurudi hospitali siku hiyohiyo. Vivyo hivyo kuzimia, kupumua kwa shida, au kwikwi zisizokoma.

Simu, jiko na umeme

Redio, televisheni, pasi na jokofu havina tatizo. Simu itumie sikio la upande usio na betri na usiiweke mfuko wa shati juu yake. Umbali wa sentimita 15 unatosha. Jiko la umeme la induksheni likae mbali nawe kama sentimita 60. Usiegemee spika kubwa za harusini, kwa sababu zina sumaku. Fundi wa kuchomelea vyuma azungumze na daktari wake kabla ya kurudi kazini. Uwanja wa ndege, onyesha kadi yako na upite mlango wa ukaguzi bila kusimama. Kabla ya kipimo cha MRI au upasuaji wowote, hata wa jino, sema mapema kuwa una betri.

Kwa mzazi

Watoto nao huwekewa betri, wengine kwa sababu umeme wa moyo ulikatika tangu tumboni mwa mama. Mtoto mdogo anaweza kuwekewa tumboni badala ya kifuani. Anapokua, waya unaweza kuhitaji kubadilishwa, hivyo huyu ni mgonjwa wa kliniki kwa maisha yake yote. Mwalimu ajue, na michezo ya kugongana kifuani ijadiliwe na daktari. Lakini mtoto asigeuzwe yai. Kukimbia na kucheza na wenzake ni sehemu ya kupona.

Betri ya pili italipiwa na nani?

Betri nyingi hudumu kati ya miaka 8 na 12. Mtu wa kwanza duniani kupandikizwa betri, Arne Larsson wa Sweden, aliwekewa mwaka 1958, na kifaa hicho cha kwanza kilifanya kazi kwa saa chache tu. Alibadilishiwa vifaa zaidi ya 20 na aliishi hadi mwaka 2001. Aliishi kwa sababu kila kifaa kilipochoka, kingine kilipatikana.

Betri haizimiki ghafla kama tochi. Hutoa ishara miezi kadhaa kabla, lakini ishara hiyo huonekana kwenye mashine maalumu ya kliniki. Anayekosa kliniki kwa sababu ya nauli ya kutoka Kigoma au Ruvuma anaikosa ishara hiyo. Tena mashine ya kampuni moja haisomi betri ya kampuni nyingine. Kwa hiyo kuwa na betri za misaada kutoka kampuni mbalimbali bila mashine za kuzisoma ni kumwachia mgonjwa mzigo.

Novemba 2024, jijini Chicago, watafiti walitangaza matokeo ya wagonjwa karibu 300 katika nchi saba, Kenya ikiwamo. Baadhi waliwekewa betri zilizotolewa kwa marehemu, zikasafishwa na kupimwa upya. Baada ya siku 90, maambukizi hayakuwa mengi kuliko kwa waliowekewa mpya. Ni habari ya matumaini kwa nchi maskini, lakini siku 90 ni chache ukilinganisha na miaka 10, na betri iliyotumika bado inahitaji kliniki ileile.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge Novemba 2023. Mjadala wa kitita cha huduma usiishie kwenye upasuaji wa kwanza. Uhusishe ukaguzi wa kila baada ya miezi 6 hadi 12 na kubadilisha betri. Mashine za kusomea nazo zipelekwe kwenye hospitali za rufaa za kanda, ili mgonjwa wa Mwanza au Mbeya asilazimike kuuza mbuzi kwa ajili ya kipimo cha nusu saa.

Wakati tukisubiri hayo, kabla ya kuruhusiwa uliza mambo manne: betri yangu ni ya kampuni gani, imepangwa mapigo mangapi kwa dakika, nitakaguliwa lini na wapi, na itabadilishwa kwa gharama ya nani. Andika majibu. Kadi ya betri itembee nawe, na nakala yake aipige picha mtu mmoja wa familia. Jifunze kuhesabu mapigo kwenye kifundo cha mkono. Yakishuka chini ya idadi uliyoambiwa, usingoje tarehe ya kliniki.