Zoolojia si Kimbilio la Waliokosa Udaktari

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, nyumba nyingi hukaa kikao. Kijana aliyesoma PCB, yaani fizikia, kemia na baiolojia, amekosa alama za kuingia udaktari, dirisha la udahili liko wazi, na wazazi, wajomba na mashangazi wanapekua orodha ya kozi kwenye simu. Famasia haiwezekani. Maabara ya tiba ushindani ni mkali. Mwisho wanafika kwenye zoolojia, na mkubwa mmoja anatamka kama anayetoa pole: achukue hiyo hiyo, mradi apate digrii. Na kama kijana mwenyewe ndiye aliyeiandika chaguo la kwanza kwa kuipenda, hapo ndipo kikao kinapochafuka. Anaulizwa: umesoma miaka yote hiyo ili ukaangalie twiga?

Nataka kuipinga imani hii bila kumung'unya maneno, kwa sababu inatugharimu. Inatuambia kwamba elimu ya viumbe hai ina ngazi moja tu: juu kabisa yuko tabibu wa binadamu, na chini ndiko wanakosukumwa walioshindwa kupanda. Inatuambia pia kwamba wanyama wa kusomea ni wale wa kwenye mabango ya utalii, simba, tembo, faru na nyati, na kwamba hao wote wameshajulikana. Wana walinzi wao na wageni wao. Chuo kikuu kitaongeza nini?

Mwanafunzi anayeingia zoolojia leo atamsubiri simba muda mrefu. Ataanza na viumbe wa seli moja, aende kwa minyoo, konokono, kupe na buibui, kisha akae na wadudu hadi awaote usingizini. Wanyama wenye uti wa mgongo, ukiwajumlisha samaki, vyura, ndege na sisi wenyewe, ni takriban asilimia 5 tu ya spishi za wanyama zilizokwisha kupewa majina. Hao wengine wasio na mabango ndio wanaokula mahindi yetu, wanaochavusha matikiti yetu na wanaotutia homa.

Chukua malaria. Mwaka 1897 Ronald Ross, daktari wa jeshi la Uingereza nchini India, aliona vimelea vya malaria ndani ya tumbo la mbu. Ulikuwa ugunduzi mkubwa, na mwaka 1902 ulimpatia Tuzo ya Nobel. Lakini Ross hakujua mbu yule ni wa spishi gani. Alimweleza kwa madoa ya mabawa yake tu. Aliyemtaja mbu wa jenasi ya Anopheles kuwa ndiye anayempelekea binadamu malaria, mwaka 1898, ni Giovanni Battista Grassi wa Italia na wenzake. Grassi alihitimu udaktari, kisha akaugeukia utaalamu wa wanyama, wala hakusukumwa huko na alama. Italia ilikuwa na sehemu zenye mbu tele zisizo na malaria, jambo lililowachanganya wengi. Grassi alilinganisha spishi za mahali penye homa na za mahali pasipo na homa, akiondoa mmoja baada ya mwingine, hadi akambakiza mhalifu. Daktari mwenye darubini alihitaji mtu wa pili, anayejua kwamba mbu si mnyama mmoja.

Kazi hiyo haijaisha. Katika Bonde la Kilombero, watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara wameonyesha kwamba Anopheles funestus, ingawa mara nyingi ni wachache kuliko Anopheles arabiensis, ndiye anayeeneza sehemu kubwa ya malaria. Arabiensis hupenda vidimbwi vya muda vinavyopigwa na jua. Funestus hupenda maji yanayodumu, yenye majani kingoni. Halmashauri inayonyunyizia dawa kila penye maji bila kujua tofauti hiyo inamwaga fedha za wananchi, na hakuna daktari wa zamu katika hospitali ya wilaya atakayeweza kuizuia. Yeye amezungukwa na wagonjwa.

Ila kisa ambacho ningependa kila mzazi akisikie kabla ya kukata shauri ni cha mbung'o wa Unguja.

Kisiwa kile kilikuwa na spishi moja tu ya mbung'o, Glossina austeni, iliyoeneza nagana, ugonjwa unaodhoofisha ng'ombe hadi kuwaua. Ng'ombe walipakwa dawa mgongoni, vitambaa vyenye sumu vikatundikwa vichakani. Mbung'o wakapungua sana, lakini hawakwisha. Misitu kama ya Jozani iliwaficha, na wakibaki wachache wanaanza upya. Ndipo ikatumika silaha iliyotokana na kumjua mdudu mwenyewe. Mbung'o jike kwa kawaida hupandwa mara moja tu maishani. Huhifadhi mbegu alizopata na kuzitumia hadi kufa. Tena hatagi mayai kama nzi wengine. Hubeba buu mmoja tumboni, humlisha humo ndani kwa umajimaji kama maziwa, humzaa akiwa amekua, kisha hubeba mwingine. Kwa uhai wake wote huzaa watoto wachache. Asiyejali wadudu akisikia hayo atasema Mungu ana maajabu, na ataendelea na safari yake. Mtaalamu wa wanyama aliuona hapo udhaifu mkubwa: jike huyu akipandwa na dume tasa mara hiyo moja, uzazi wake umekwisha.

Basi Tanga, kwenye taasisi ya utafiti wa mbung'o, wadudu hao wakafugwa kwa mamilioni na kulishwa damu. Madume walipigwa mionzi ya gama, kwa kipimo cha kuwafanya tasa bila kuwadhoofisha kiasi cha kushindwa kugombea majike. Kwa kuwa dume la mbung'o nalo hunyonya damu na linaweza kueneza ugonjwa, walilishwa kwanza damu iliyotiwa dawa. Kuanzia mwaka 1994 wakaachiwa kutoka kwenye ndege juu ya kisiwa, wiki baada ya wiki, zaidi ya milioni 8 kwa jumla. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa Septemba 1996, na mwaka uliofuata Unguja ikatangazwa kuwa haina tena mbung'o. Wafugaji wakaweza kufuga ng'ombe bora wa maziwa mahali ambapo zamani wangekufa.

Watu hukumbuka mionzi na ndege, kwa kuwa vina kishindo. Mimi namkumbuka aliyekaa kwenye kiti akahesabu jike anapandwa mara ngapi. Bila yeye, mionzi ingepigwa bure na ndege ingeruka bure. Na huyo ndiye mtu ambaye vikao vyetu vinamwita aliyeshindwa.

Njoo Morogoro, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Panya shamba, Mastomys natalensis, kuna miaka hufumuka kiasi kwamba hufukua mbegu za mahindi kabla hazijaota, na mkulima hulazimika kupanda upya. Watafiti wa chuo hicho na wenzao wa Ubelgiji waliwakamata panya, wakawatia alama, wakawaachia, wakawakamata tena, mwaka hadi mwaka, kazi ya kuchosha isiyopigiwa makofi. Wakaona kwamba mvua za vuli zikiwa nyingi panya huanza kuzaa mapema, na watoto wa uzao huo huwahi kuzaa nao kabla msimu haujapita. Maana yake ni kwamba mlipuko unaweza kutabiriwa kwa kuangalia mvua, na mkulima akaonywa mapema, ghala na mbegu zake zikiwa bado salama. Katika chuo hicho hicho shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na makohozi yenye kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, alizaliwa Tanzania, akafanya kazi Kambodia, na mwaka 2020 akapewa medali ya dhahabu na shirika la hisani la Uingereza. Uwezo huo wa kunusa panya buku amekuwa nao siku zote. Sisi tulikuwa tukimkimbiza kwa fagio.

Hata huko mbugani, wanakodhani hakuna jipya, wasiosoma hawaoni kinachotokea. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nyumbu wa Serengeti walikuwa takriban 250,000. Kufikia 1977 walikuwa zaidi ya milioni 1. Hakuna aliyewaleta. Ng'ombe waliozunguka hifadhi walikuwa wamechanjwa dhidi ya ugonjwa wa sotoka, na ndama wa nyumbu wakaacha kufa kwa ugonjwa huo. Nyumbu wakala nyasi nyingi, moto wa kiangazi ukapungua, miti ikaota upya. Mtalii hupiga picha tu. Uhusiano huo wa chanjo ya ng'ombe na mti wa porini uligunduliwa na watu waliohesabu wanyama kwa miongo.

Na tusipokuwa na watu hao kwa wakati, tunalipa. Mwaka 1996, ujenzi wa bwawa la umeme la Kihansi ukiwa umeshaanza, walionekana vyura wadogo sana wa rangi ya dhahabu walioishi kwenye manyunyu ya maporomoko, mahali padogo, na hawajapatikana penginepo popote duniani. Ni vyura wanaozaa watoto, hawatagi mayai. Walipopewa jina la kisayansi, mitambo ya megawati 180 ilikuwa karibu kuwashwa. Maji yakahamishwa, manyunyu yakakauka. Ikabidi mamia ya vyura wasafirishwe hadi Marekani, yatengenezwe manyunyu ya mabomba bondeni, na mwaka 2009 spishi ikatangazwa kutoweka porini. Mwaka 2010 vyura 100 walirudishwa, wakapokelewa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wengi walicheka: gharama yote hiyo kwa chura! Mimi nauliza kwa nini bonde lile halikuchunguzwa vya kutosha na wataalamu wa wanyama kabla ya ramani ya bwawa kuchorwa. Wangeligundua hilo mapema, mgao wa maji ungepangwa mezani, kwa kalamu, badala ya kurekebishwa kwa ndege za kimataifa. Wanaomcheka chura wanacheka bili ya uzembe wao.

Najua pingamizi linalokuja: ajira. Sitalikwepa. Wapo vijana wenye digrii ya zoolojia wanaosajili laini za simu mtaani, na uchungu wa mzazi aliyeuza shamba ili mwanawe asome ni wa haki. Ila siku hizi hata madaktari waliohitimu wanasubiri ajira, na sijasikia mtu akisema kwa hiyo udaktari hauna maana. Kwa daktari tunasema serikali iajiri. Kwa mtaalamu wa wanyama tunasema alikosea kozi. Hapo ndipo imani hii inapojificha. Kazi ya kufanywa ipo kila wilaya: mashamba yanaliwa, watoto wanatibiwa kichocho leo na kesho wanarudi kwenye maji yaleyale yenye konokono walewale, samaki wanapungua ziwani. Kilichokosekana ni nafasi kwenye bajeti, na nafasi haiwezi kudaiwa na jamii inayoiona taaluma yenyewe kuwa makombo.

Vyuo navyo vibebe lawama yao. Zoolojia inayofundishwa kwa notisi za kunakili, ambayo fildi yake imefupishwa kwa kukosa nauli na darubini moja inagombewa na darasa zima, inaithibitisha dharau badala ya kuivunja. Mwanafunzi anayehitimu akiziweza oda zote za wadudu kwa kichwa, lakini hajawahi kumtambua mbu mmoja hadi spishi yake, ameibiwa. Na yule aliyeingia shingo upande, anayeambiwa kila likizo kwamba yuko pabaya, ataibiwa mara mbili.

Mtazame aliyeingia kwa hiari: Thomas Odhiambo wa Kenya alisoma Makerere, kisha akasomea wadudu Cambridge, wakati ambapo wengi hawakuona Mwafrika atafanyia nini elimu hiyo. Mwaka 1970 alianzisha Nairobi kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, ICIPE. Kutoka humo ilitoka mbinu ya sukuma-vuta: mmea wa desmodiamu ukipandwa katikati ya mahindi humfukuza nondo wa bungua na kukandamiza gugu la kiduha, na majani ya tembo pembeni humvutia nondo huyo akatage huko. Mkulima mdogo anaokoa mahindi na anapata malisho ya ng'ombe. Aliyeunda taasisi hiyo hakuwa amekosa kitu kingine.

Sasa kuna mgeni njiani. Anopheles stephensi, mbu wa malaria kutoka Asia, alionekana Djibouti mwaka 2012, Ethiopia mwaka 2016, na mwaka 2022 akabainika Kenya. Malaria tuliyoizoea ni ya vijijini zaidi. Huyu anapenda mjini, huzaliana kwenye matangi, mapipa na mitungi ya maji ya majumbani. Kwa macho ya kawaida huwezi kumtenga na mbu wetu. Katika mitaa kama Mbagala na Manzese ya Dar es Salaam, au Kongowea ya Mombasa, ambako maji ya bomba hayatabiriki, kila uani pana pipa. Serikali za Mombasa, Tanga, Dar es Salaam na Zanzibar ziajiri wataalamu wa wadudu mwaka huu, ziwape darubini, usafiri na mamlaka ya kuingia nyumba kwa nyumba kufunua mapipa hayo, kabla wodi hazijajaa.