Makaburi ya Tengeru na Jasho la Wenyeji

Mgeni afikapo Tengeru, mwendo mfupi kutoka Arusha kwa barabara ya Moshi, huongozwa kwa miguu. Hupita kati ya migomba na mikahawa ya Wameru, huvuka mifereji ya maji, hutazama Ziwa Duluti, hukatiza sokoni kwa akina mama wauza ndizi. Kisha huletwa mahali penye makaburi karibu 150, yenye majina ambayo ndimi zetu huyatamka kwa taabu. Ni majina ya Wapolandi.

Matembezi haya twayaunga mkono. Lakini twaona yafaa kuuliza maswali mawili: mgeni asimuliwe nini njiani, na fedha aachazo ziingie mkononi mwa nani?

Kwanza, watu hawa walikuwa nani? Mwaka 1940 na 1941, serikali ya Kisovieti iliwatoa kwa nguvu mamia ya maelfu ya Wapolandi katika makao yao na kuwapeleka Siberia na Kazakhstan. Baada ya Ujerumani kuishambulia Urusi mwaka 1941, wengi wao waliachiliwa, na mwaka uliofuata maelfu wakavuka hadi Iran. Toka huko wakaletwa kwa meli Afrika ya Mashariki. Kambi zilikuwapo Masindi na Koja nchini Uganda, na hapa kwetu Ifunda, Kidugala, Kondoa na Morogoro. Lakini Tengeru ilizipita zote: ilikuwa na watu wapatao 5,000, na walio wengi walikuwa wanawake na watoto. Waliishi katika vibanda vya msonge vilivyoezekwa kwa nyasi, wakasomesha watoto wao, wakalima, wakasali, wakazika wafu wao.

Vita ilipokwisha mwaka 1945, wengi hawakuthubutu kurudi kwao. Walitawanyika Uingereza, Kanada na Australia, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 kambi ikafungwa. Wachache walibaki. Wa mwisho wao alizikwa pale pale mwaka 2015.

Wapo watakaosema: makaburi ya Wazungu yatuhusu nini sisi? Twawajibu kwamba Wazungu hawa hawakuja na bunduki wala na hati ya kumiliki nchi. Walikuja na watoto wagonjwa na mafurushi. Aliyefukuzwa kwao ni mnyonge, awe na rangi yoyote, na kulitunza kaburi la mnyonge ni utu. Nchi yetu, ambayo tangu uhuru imewapokea wakimbizi wengi kutoka nchi jirani, yapaswa kulifahamu jambo hili kuliko nyingine.

Hata hivyo, hadithi ikiishia makaburini itakuwa nusu hadithi. Wakati kambi ya Tengeru ilipokuwa ikielekea kufungwa, upande wa pili wa Mlima Meru, huko Ngare Nanyuki, watu wengine walikuwa wakifukuzwa. Mwezi wa Novemba 1951, serikali ya kikoloni ya Mwingereza iliwatoa Wameru wapatao 3,000 katika ardhi yao, ikazichoma nyumba zao, ili walowezi wapate mashamba ya kufugia ng'ombe. Wameru walichangishana fedha, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa huko New York kulieleza shauri lao. Hoja haikupata kura za kutosha. Lakini dunia ilisikia, na Tanganyika nzima ilisikia, miaka miwili kabla ya TANU kuzaliwa.

Mpolandi hakuwa na kosa katika jambo hilo. Kosa lilikuwa la serikali. Serikali ile ile iliyojua kumhurumia mama wa Kipolandi aliyefukuzwa kwao, haikuona haya kumfukuza mama wa Kimeru nyumbani kwake. Basi mwenye kuongoza wageni asimamapo makaburini, aunyoshe mkono wake kuelekea mlimani, na hadithi ya pili aisimulie kwa sauti ile ile aliyoisimulia ya kwanza. Mgeni mwenye akili hatachukia. Atarudi kwao na jambo la kufikiri.

Swali la pili ni la jasho. Matembezi ya miguu yana sifa kwamba hayahitaji petroli, hayadai hoteli kubwa, wala hayakati miti ya Duluti. Lakini utalii wa kudumu si kutunza miti tu. Ikiwa mgeni amelipa fedha zote mjini, akaletwa kwa gari, akaonyeshwa shamba la mzee na jiko la mama, kisha akarudishwa mjini bila kuacha kitu, kijiji kimepata nini isipokuwa vumbi? Mali inayotazamwa ni ya wenyeji. Njia wameisafisha wao, mifereji wameizibua wao, na makaburi ya wageni yamedumu miaka hii yote kati yao.

Kwa hiyo twasema hivi. Ada ya matembezi ijulikane, na mgawo wake usomwe hadharani katika mkutano wa kijiji. Mwongoza wageni awe kijana wa pale pale, aliyefundishwa historia hii yote, na alipwe ujira wa haki, asitegemee bakshishi. Mama apikaye chakula na mzee akaangaye kahawa walipwe siku ile ile. Wageni waje kwa makundi madogo, ili njia isichakae na wakulima wasisumbuliwe. Na wazee wanaoikumbuka kambi, ambao sasa ni wachache, waandikwe maneno yao kabla hawajatutoka.

Wapolandi walifika Tengeru wakiwa hawana kitu, wakapata mahali pa kulala. Itakuwa aibu kwetu ikiwa leo kumbukumbu yao itamtajirisha mtu aliye mbali, na mwenyeji anayeitunza abaki mikono mitupu.